Javan Omuga Randa na Vidonge vya Chupa Mbili

Wasifu huu nausoma mimi, Filister, dada yake mdogo wa tumbo moja. Nausoma kwa Kiswahili ili wakwe zetu Wakuria wasikie wenyewe, bila mkalimani wa kupunguza maneno. Karani aliyeuchapa alinishauri niyafute ya mwisho. Nikamwambia achape tu. Na nyinyi mnaonong'ona huku mkilitazama jiko la Pauline, mjane wa marehemu, nawaona. Tangu Jumanne hakuna aliyeonja ugali wa jiko hilo. Mnasema kuna sumu. Ngojeni nimalize.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1913 karibu na Rodi Kopany, mtoto wa tatu wa Mzee Randa na Mama Zilpah. Mama alitusimulia kwamba hata akiwa mdogo hakukubali uji mpaka mama auonje kwanza mbele yake. Ukoo wetu ni wa watu wa kushuku, na hatujawahi kuona haya kwa hilo.

Kuanzia 1924 hadi 1929 alisoma shule ya misheni Kendu Bay, akaishia darasa la tano. Mwalimu akiandika jibu la hesabu ubaoni, Javan aliipiga upya hesabu hiyo mwenyewe kwenye kibao chake kabla ya kuliamini.

Mwaka 1932 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kuchambua pamba, Homa Bay, akakaa hapo miaka thelathini. Alikuwa akiingiza mkono ndani ya gunia hadi begani kutafuta mawe. Alipopata jiwe alilitoa kwa adabu, akamwambia mwenye gunia, "Mzee, umesahau jiwe lako la kusagia." Watu walimcheka na wakamwogopa vilevile.

Mwaka 1938 alitumwa kununua pamba Migori. Huko msichana mmoja, Pauline binti Mzee Maroa, alikataa kuondoka na gunia lake tupu. "Mizani yako ina njaa," alimwambia. "Pima tena." Javan alipima tena, akakuta ratili mbili zimepotea. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1939, wakajaliwa watoto watatu. Sisi dada zake tulinuna. Mke wa kutoka mpakani, nani anajua kwao wanapika nini? Niliyasema hayo miaka ishirini na saba, mengine mbele yake, naye aliniitikia, "Karibu, wifi," na kunipa kiti.

Februari mwaka huu, 1967, miguu ya marehemu ilivimba na pumzi ikamwishia njiani. Hospitali ilimpa vidonge vidogo vyeupe vya moyo. Daktari alimwambia Pauline mbele yangu, "Kimoja asubuhi. Usiongeze, asitumie vya mtu mwingine, na vikibaki virudishwe hapa." Pauline alivihesabu kila asubuhi na kufunga chupa ndani ya sanduku. Uvimbe ulishuka. Kufikia Pasaka alitembea mwenyewe hadi sokoni Rodi.

Lakini mimi nilishuku. Mwanamke afungie dawa sandukuni, kwa nini? Mume wangu Mayaka alifariki 1965 kwa ugonjwa huohuo wa moyo, akaacha nusu chupa, nami niliiweka. Dawa ya kutibu mtu naitupaje? Sisi migogo, mabinti wa boma tulioolewa nje, haturudi kwetu mikono mitupu, na mke wa boma hathubutu kufungua kikapu chetu. Tarehe 16 Aprili nilileta ndizi, na chini ya ndizi ile chupa.

"Kaka, huyu anakubania dawa," nilimwambia. "Kunywa viwili vya hivi kila jioni, na usimwambie. Kikulacho ki nguoni mwako."

Aliitazama chupa. "Ina jina la Mayaka."

"Mayaka hana haja nayo tena. Moyo ni moyo."

Mtu aliyeshuku hata hesabu ya mwalimu wake hakunishuku mimi. Aliiweka chini ya mto.

Wiki ya pili alianza kutapika. Alikataa chakula, akasema maziwa ni ya manjano, ukuta wa manjano, hata shati la mwanawe. Nikapiga kelele: sumu! Ni mimi niliyeanza, jamani, msitafute mwingine. Nilimkataza asile chochote cha Pauline, nikampikia mwenyewe, na ili apone upesi nikamwongezea vidonge vikawa vitatu.

Tarehe 6 Mei Pauline alimpeleka hospitali kwa nguvu, akabeba chupa zote mbili, kwani alipomwinua ya kwangu ilianguka kutoka chini ya mto. Daktari alivihesabu vidonge vya Pauline. Vilitakiwa kubaki ishirini na kimoja, vikawa ishirini na kimoja. Akaweka kidonge cha chupa yangu kando ya vyake, akasema ni dawa ileile, tena yenye nguvu zaidi, na kwamba moyo umezidiwa na dawa, ndiyo maana anatapika na kuona manjano. Aliuliza nani ameleta. Nilitazama sakafu. Pauline alikuwa ameitambua chupa ya Mayaka, na hakunitaja. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi. Siku tano nimewaacha mumtazame mke wake kama muuaji. Mzee Maroa, baba, nisamehe mbele ya watu hawa.

Ameacha mjane, Pauline, aliyemtunza sawasawa, watoto James, Benta na Wangwe, wajukuu wanne, na dada mmoja aliyebaki, aliyempenda na kumuua kwa mkono uleule. Chupa ya Mayaka imebaki hospitali, mahali ilipopaswa kurudi miaka miwili iliyopita. Wenye mabaki ya dawa za wafu makabatini, pelekeni.

Lala salama, Javan, mwana wa Randa. Na wewe wifi, kama bado una moyo wa kuniita hivyo, fungua jiko lako upakue. Mimi nitakula wa kwanza, mbele ya hawa wote.