Dokta wa Operesheni

Mwaka 1976, ndani ya basi la Mbeya kwenda Iringa, mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa akimsomea mama aliyeketi naye barua ya mwanawe Sedekia, aliyeko Ulaya. "Amekuwa dokta wa operesheni," alisema, kwa sauti ya kututosha abiria wote.

Mama yule, aliyekuwa akienda hospitali ya Tosamaganga na uvimbe shingoni, akalegeza kitambaa alichojifunga. "Baba, anarudi lini anipasue?"

"Hapasui watu, mama. Ni hesabu. Masomo mawili, cheti kimoja: kupanga operesheni, na kuifundisha mashine kufikiri. Unaiambia mko wangapi na maji yako wapi, yenyewe inasema mkae wapi."

Mama akakifunga tena kitambaa. "Kumbe operesheni ile ya kutuhamishia vijijini. Mwaka juzi walimbeba mume wangu na kitanda chake, anaumwa, wakamtua kwenye ploti yenye kigingi namba arobaini. Hapakuwa na paa. Mvua ikamkuta palepale, hakumaliza wiki."

"Wakati ule wataalamu walikuwa hawajamaliza masomo," mzee alijitetea, kana kwamba msiba ulikosea tarehe tu.

"Na hiyo mashine inamjua mgonjwa?"

Mzee aliipitia barua upya, mstari kwa mstari. "Hilo hakuandika."

Basi likasimama njia panda ya Tosamaganga. Mama akachukua kikapu chake.

"Akirudi, baba, mwambie aanzie kwenu."