Zabuni ya Asenaca

Katika basi la kwenda mji wa Nausori, Fiji, Semisi aliketi nyuma ya wanawake wawili, akajifanya anasoma gazeti huku akiwategea sikio. Asenaca, fundi cherehani, alikuwa akimsimulia mwenzake jinsi zabuni yake ya mashuka ya hospitali ilivyotupiliwa mbali, eti hajasajiliwa.

"Ukanyamaza, dada?"

"Ninyamaze na cheti ninacho? Nilikata rufaa. Siku tatu nimekaa kwenye benchi la ofisi ya zabuni nikisuka mkeka, mpaka wakafungua faili, wakakikuta cheti changu humo."

"Kwa hiyo kazi umepata!"

"Bado. Jumatatu bahasha zote za zabuni zinashindanishwa upya."

"Sasa unachekelea nini? Si wale wenye viwanda watakushinda?"

"Wanishinde kwa bei, mwenzangu, si kwa kufutwa jina."

Basi likasimama. Semisi, ambaye kila siku hushuka wa kwanza, alisimama kando akampisha Asenaca apite.