Bendi ya Kasoro

Benchi letu liko ukutani kwa fundi friji, pale ambapo barabara ya lami inakutana na njia ya changarawe. Ni ubao mmoja mrefu uliokaa juu ya makasha mawili, na wenye kulikalia kila siku tuko wanne. Mimi nachonga funguo. Kibanda changu kiko hatua tatu kutoka hapo, kwa hiyo mteja akija naamka, nikimaliza narudi mahali pangu. Mzee Faili alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na moja, na mpaka leo akisema jambo anakutazama kana kwamba unatakiwa kuliandika. Mama Birika anauza kahawa, na ndiye mwenye neno la mwisho kwa sababu birika ni lake. Wa nne ni fundi friji mwenyewe, shemeji yake Mama Birika, mdogo wa mumewe. Jina lake la kuzaliwa tumelisahau. Tunamwita Kasoro, maana hajawahi kusikia wimbo asiukute na kasoro.

Usidhani hapendi muziki. Anaupenda kuliko mtu yeyote ninayemjua, na hapo ndipo taabu inapoanzia. Hataki wimbo unaoanza kwa mtu kulitaja jina la studio. Anasema ni sawa na fundi kubandika picha yake ndani ya friji ya mteja. Hataki sauti iliyonyooshwa kwa mashine; anasema hiyo imepigwa pasi mpaka imeungua. Hataki kibwagizo kinachorudiwa mara tisa, na huwa anahesabu. Hataki mwimbaji anayecheka kabla ya kuimba, kwa sababu sisi hatujaambiwa kilichomchekesha. Anachotaka ni watu waliojirekodia wenyewe chumbani, dirisha liko wazi, ngoma imechelewa kidogo, mtu anakohoa kwenye ubeti wa pili. Na watu hao wakianza kujulikana tu, basi, amewaacha. Mwaka juzi alikuwa na mwimbaji wake mmoja ambaye kwa miezi kumi na moja hatukupumua kwa kuhubiriwa habari zake. Siku moja Kasoro yuko kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa upande mmoja, akamsikia mwimbaji yule yule akitokea kwenye spika ya kinyozi, na wateja wawili wanamfuatisha. Alitoa simu palepale akafuta nyimbo zote, kisha akamwambia kinyozi amalizie upande uliobaki.

Baada ya hapo ndipo akaipata bendi iitwayo Chumba cha Uani. Watu watatu: dada mmoja anaimba na kupiga gitaa, kaka yake anapiga ngoma, na jamaa mmoja anayeuza kwenye duka la dawa anapiga besi. Nyimbo nne tu, zote wamezirekodi nyumbani wakaziweka mtandaoni, na waliozisikiliza ni mia tatu na kumi. Kasoro alikiri kwamba kama mia moja hivi kati ya hao ni yeye.

Wimbo uliomshika ni ule unaoitwa "Jumatano". Ndani yake kuna mngurumo mzito usiokatika tangu mwanzo hadi mwisho, na sauti ya yule dada inasikika kwa mbali, kama anaimba akiwa chumba cha pili. Maneno huyapati. Kasoro alikuwa anatuchezea wimbo ule benchini, simu ameitumbukiza kwenye kikombe kitupu ili sauti ikue, na sisi tumeinamisha vichwa kama tunachungulia kisima.

Alisema mngurumo ule umewekwa kwa makusudi.

— Hiyo ni friji kwenye nyumba isiyo na mtu, mimi nazijua. Wanakuonyesha upweke bila kulitaja neno lenyewe.

Mzee Faili hakukubali. Kwake ile ni ndege, na kama ni ndege basi jamaa hao wanakaa jirani na uwanja, na mtu anayekaa jirani na uwanja wa ndege kwa hiari yake kuna jambo anajiandaa kulikimbia. Mama Birika alisema ni nyuki. Alipoulizwa nyuki wameingiaje kwenye wimbo, alijibu aulizwe mwenye mzinga, na kesho yake mzinga ukawa umo ndani ya gitaa. Kufikia Alhamisi Mzee Faili alikuwa ameshagundua kwamba yule dada ni binti wa jaji, kakatazwa kuimba, ndiyo maana sauti yake iko mbali: anaimba kutoka ndani ya kabati la nguo. Hata jaji mwenyewe alimkumbuka, ila kiapo cha kazi hakimruhusu kumtaja.

— Anasimama mbali ili umfuate wewe, alisema Kasoro. Hawa wengine wanakuja kukupigia kelele sikioni. Huyu hakufuati.

Mimi nilisema labda chombo ni kibovu tu. Walinitazama wote watatu kama mtu aliyecheka msibani, nikaenda kuchonga ufunguo.

Hayo yote Kasoro hakuyaachia benchini. Chini ya kila wimbo wao aliandika maoni marefu, aya nne, aya tano, na mwisho anatia saini: Fundi.

Sasa, Jumanne moja alikuja benchini bila hata kufungua duka. Aliongea haraka mpaka maneno yakawa yanapandana. Chumba cha Uani watapiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza, Jumamosi saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa chama cha washonaji, mitaa miwili tu kutoka hapo. Kahawa ilimmwagikia gotini na hakushtuka. Kutuomba twende naye hakutuomba. Alisema tu kwamba ukumbi ukiwa na viti vitupu sauti inaharibika.

Jumamosi tukaenda wote. Mzee Faili alivaa suti yake ya mahakamani, Mama Birika alikuja na birika. Ukumbi ulikuwa juu, ghorofa ya kwanza, vyerehani vimesukumwa ukutani na kufunikwa mashuka. Nilihesabu watu kumi na mmoja, sisi tukiwemo, pamoja na mama yake yule dada; mama huyo alikaa mbele kabisa na mkoba mapajani.

Walipowasha amplifaya ya gitaa, ule mngurumo ukajaa ukumbi mzima mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Kasoro alifumba macho akanishika goti. Ulikuwa ule ule. Nami nakiri mwili ulinisisimka, maana kitu nilichokizoea ndani ya kikombe sasa nilikuwa nimekaa ndani yake.

Lakini wimbo wa kwanza ulipokwisha nilikuwa sijapata neno hata moja. Yule dada alisimama umbali wa mkono mzima kutoka kwenye maiki. Katika wimbo wa pili, mtu mmoja nyuma alimwomba asogee asikike. Akasogea. Midomo ilipogusa maiki tu, akaruka nyuma na kujishika mdomo, gitaa likagonga stendi ikaanguka. Kaka yake aliacha kupiga. Harufu ya kuungua ikatufikia pale tulipokaa. Wakanong'onezana, kisha kaka mtu akasema samahani, inabidi waishie hapo.

Kasoro alikuwa ameshasimama. Testa yake ya kupimia umeme haitoki kwenye mfuko wa shati hata akienda harusini.

— Naomba niiangalie, alisema. Mimi ni fundi friji.

Yule dada akamtazama vizuri.

— Fundi? Wewe ndiye unayeandika chini ya nyimbo zetu?

Kasoro akaitikia kwa kichwa, na uso wake uling'aa kama wa mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwenye orodha ya waliofaulu. Yule dada hakusema kwa hasira. Alisema taratibu, kama anayemweleza mgeni njia.

— Mwaka jana tulitaka kuipeleka amplifaya ikatengenezwe. Wewe ukaandika mngurumo usiguswe, ukiguswa wimbo umekufa. Tukasema, mtu mmoja anatusikiliza kiasi hiki, na sisi tumsikilize.

— Na wewe inakupiga?

— Mdomoni, kila nikikaribia. Nimezoea kusimama mbali.

Nimekaa na Kasoro miaka kumi na miwili. Nimemwona akigombana na wateja, nimemwona siku anamzika baba yake. Sijawahi kumwona akikosa pa kuweka mikono. Alichomoa waya ukutani, akapiga magoti, akafungua kifuniko cha nyuma kwa bisibisi, na Mzee Faili akamwinamia na taa ya simu. Hapakuwa na friji humo ndani, wala nyuki, wala jaji. Waya wa ethi, ule unaoupeleka umeme ardhini ukikosea njia, ulikuwa umekatika, na ncha yake imekuwa nyeusi. Basi.

Kasoro alinirushia funguo za duka nikimbie nikamletee kifaa cha kulehemu. Nikakimbia, mimi na kitambi changu, ngazi, mtaa wa kwanza, mtaa wa pili, na kurudi. Nilipofika juu hakuna aliyekuwa ameondoka. Mama Birika alikuwa ameshawamiminia kahawa watu wote, wanamuziki pia, na yule jamaa wa duka la dawa alikuwa anamweleza Mzee Faili kwamba hapana, hawamfahamu jaji yeyote.

Alilehemu kwa dakika ishirini. Fundi anayetengeneza friji tatu kwa siku, nilimwona akirudia kiungo kimoja mara nne. Kisha akafunga, akachomeka, akapima kwa testa kila mahali pa kupimwa. Bado hakuridhika. Alishika nyuzi za gitaa kwa mkono wake mwenyewe, akainama, akaweka midomo kwenye maiki mbele za watu.

— Hakuna kitu, alisema, na sauti yake ikasikika ukumbi mzima.

Mngurumo haukuwepo. Kimya kilikuwa kikubwa mpaka tukasikia mama yake yule dada akifunga mkoba. Nilimtazama Kasoro. Kwa mikono yake ameondoa kile alichotuhubiria tangu mwaka jana, na sasa kilichobaki kingekuwa sauti safi, ile ile anayoitukana kila siku.

Yule dada akasogea mpaka midomo ikagusa maiki, akaimba "Jumatano".

Ndipo tulipoyasikia maneno. Ni habari za baba yake alipokuwa amelazwa. Wodi ile wageni wanaruhusiwa Jumatano tu, na yeye anapanda ngazi na shati safi alilolikunja mwenyewe, anahesabu ngazi asije akafika akiwa amelia. Sauti yake ilikuwa nzito na ya karibu, ina mkwaruzo kidogo, kama ya mtu anayekuambia jambo ambalo hajamwambia mwingine. Mama yake alifungua tena mkoba akatafuta leso. Mama Birika alikaa na birika mikononi na hakuliweka chini mpaka mwisho.

Kasoro hakukaa. Alisimama wimbo mzima pembeni ya amplifaya, na ulipokwisha alipiga makofi peke yake muda mrefu baada ya sisi kuacha. Akaomba urudiwe. Wakaurudia. Akaomba tena, na safari hiyo kibwagizo kilipofika aliimba nao, mara zote, na sikumwona akihesabu.

Jumatatu benchi lilichemka. Kila mmoja alitaka kusimulia na sisi wote tulikuwepo. Mzee Faili alishikilia kwamba aliyelazwa ndiye jaji. Mama Birika alisema wimbo ule alianza kuupenda tangu mwanzo, tukamkumbusha nyuki, akatunyima kahawa. Kasoro alikuwa anacheka kama mtu aliyepona homa. Alisema ameisikia sauti ile kichwani siku nzima ya Jumapili, na kila alipotafuta kasoro hakuipata, akaacha kutafuta.

Katikati ya hayo akaja yule dada, na sare ya kazini, anaulizia duka la fundi friji. Tukampisha nafasi, Mama Birika akampa kikombe. Alimwambia Kasoro kwamba kuna mtu ukumbini alirekodi "Jumatano" kwa simu, watu wamekuwa wakitumiana, na jana wamepigiwa simu kutoka redio ya hapa mjini. Wanaitwa Alhamisi saa nne asubuhi wakapige mubashara. Kaka yake anataka. Wa besi hataki, anasema redio itawabadilisha.

— Mimi nimekwama katikati, alisema. Na wewe ndiye umetusikiliza muda mrefu kuliko mtu yeyote. Twende au tusiende?

Mimi nilikuwa na mteja kibandani, nilimwona, na sikuweza kuinuka. Kasoro hana redio. Hakuna redio iliyowahi kuingia dukani kwake hata kutengenezwa. Alikuwa anasema redioni ndiko nyimbo zinakokwenda kufia. Alimtazama yule dada, akatazama midomo yake. Alijua sasa kwamba akisema neno litafuatwa.

Mwishowe akachomoa ile kalamu nene anayoandikia majina ya wateja juu ya friji zao, akafungua kiganja chake cha kushoto tayari kuandika, akamgeukia Mama Birika, ambaye nyumbani kwake redio haizimwi.

— Shemeji, alisema, hiyo stesheni iko kwenye namba ngapi redioni?