Mpeni Aliyepoa: Wasifu wa Marehemu Fundi Mitutu

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Mitutu, alizaliwa tarehe 3 Mei 1951 katika nyumba za reli. Cheti kinasema Mei, mama yetu alisema Agosti, na kaka yake anayewasomea haya, aliyekuwepo, hakuulizwa.

Alisoma hadi darasa la saba, akaishia hapo. Mwaka 1968 aliingia karakana ya bunduki. Mzee wa karakana alimpa mtutu auchungulie, naye akauona umepinda, mahali ambapo kaka yake, mwenye macho makali kuliko wote nyumbani, hakuona kitu.

Tangu hapo, na baadaye katika karakana yake mwenyewe, aliwatengenezea bunduki askari wa wanyamapori na watu wa klabu ya shabaha. Mtutu mwembamba, alisema, ni mwepesi begani lakini hupata moto upesi, na ukipata moto risasi hutangatanga. Mnene hutulia, ila utakuvunja mgongo. Ule wa chuma kisichoshika kutu hauna makuu. Mweusi unataka mafuta kama kichwa cha mtoto. Ukiwaka, wowote ule, dawa ni kungoja upoe.

Tarehe 12 Julai 1975 alimwoa fundi cherehani, jirani yake. Alimposa kwa kumchungulisha mtutu uliosafishwa, yeye akiwa upande wa pili. Shemeji akasema, "Naona jicho moja tu. La pili linamtazama nani?" Walijaliwa watoto wawili, wote wakarithi ufundi: kijana, mwepesi wa kuwaka, na binti, ambaye akinuna hata redio huzimwa.

Mwaka jana mapafu yalianza kumsumbua. Alilazwa tarehe 2 Februari mwaka huu, akafariki tarehe 9 asubuhi. Kabla ya hapo aliulizwa karakana aachiwe nani, maana karakana ni moja na mafundi wawili. Akajibu, "Mpeni aliyepoa."

Hapo ndipo tulipopotea. Alimaanisha mtoto mtulivu, au alikuwa anaota mitutu yake? Muuguzi alidhani anamsema mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyepata nafuu. Kijana alipaza sauti korido nzima kwamba aliyepoa ni yeye. Binti akajibu kwa upole kwamba aliyepoa hapigi kelele, kisha akabamiza mlango. Baba yao mkubwa, bingwa wa kusuluhisha, alikaa nao jioni nzima; walipotoka hawakuwa wanasalimiana.

Jana mama yao alishika ufunguo wa karakana, akasema atampa atakayetangulia kunyamaza. Wakanyamaza wote kwa mpigo, na hakuna anayejua nani alitangulia.

Ameacha mjane, kaka mmoja mwenye hekima, wajukuu wanne, na watoto wawili ambao asubuhi hii wamebeba jeneza bega kwa bega, bila neno, hatua zao zikilingana. Mama yao amewatazama mmoja mmoja, na ufunguo bado anao.

Pumzika, fundi. Amani iwe yako.