Ngiri ya Rosaire Haikungoja Shira Iishe

Mheshimiwa Meya, Baba Paroko, Daktari Lessard uliyeacha gari kwenye theluji ukatufuata kwa miguu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wanaume wa kibanda hiki mnaonukia moshi, hamjambo?

Mimi Huguette, mwenyekiti wa ushirika wetu, nimepewa kazi ya kumuaga Rosaire Veilleux, anayestaafu leo kuchemsha shira. Anastaafu akiwa hai, na hilo nusura lituponyoke.

Nani hapa haijui sheria yetu? Utomvu wa miti ya mepo, huu tunaouchemsha uwe shira, ukianza kutiririka hakuna harusi, hakuna hospitali, hata kufa unaombwa usubiri. Basi Rosaire akapata ngiri kinenani, akaikaza kwa mkanda wa ngozi, akaendelea kubeba ndoo. Mkewe Gisèle akimsihi, jibu ni lile lile: "Shira ikiisha, mama." Shira ikaisha, kazi ya kupasua kuni ikaanza, nayo ikaisha, shira ikarudi. Ngiri ikashuka mpaka kwenye korodani.

Mnakumbuka mlivyomcheka huko nyuma ya kibanda? Anakojoa, anafunga suruali, anapiga hatua, anarudi tena, safari hii akiuminya ule uvimbe ndipo mkojo utoke.

"Rosaire, umesahau nini tena?"

"Nyamazeni! Nyie mna tangi moja, mimi ninayo mawili."

Haya, mtu mzima huyo!

Mzaha huo ukasimuliwa mezani mbele ya binti yake Solange, muuguzi. Sote tulicheka. Yeye akaweka uma chini.

"Baba, vaa koti."

"Sufuria iko motoni!"

"Iungue."

Daktari atanisahihisha nikikosea: kibofu kilikuwa kimevutwa ndani ya ngiri, mkojo ukakosa njia, ukarudi juu, mafigo yote mawili yakavimba. Angengoja shira iishe, tungekuwa tunamzika. Hospitalini wakamwekea mpira wa mkojo mafigo yapumue, kisha wakampasua na kukirudisha kibofu mahali pake. Mafigo yamepona. Jamani, nilipoambiwa nililia mbele za watu, wala sikuona haya! Shira iliungua yote, na Mungu asifiwe.

Solange, hongera mwanangu. Rosaire, asante kwa utamu wote uliotulisha, kichwa kigumu wewe.

Sasa, Daktari amekubali kukaa chumba cha nyuma hadi jioni. Mwenye uvimbe kinenani asimame hapa hapa, hakuna atakayemcheka. Nani wa kwanza?

Ee! Clément? Mume wangu? Kumbe ndiyo maana siku hizi unavaa suruali gizani! Hapana, usikae. Simama hivyo hivyo. Umenitia aibu mbele ya Meya, lakini heri nimejua leo, ungali na miguu ya kusimamia.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa masikio. Nipisheni, nampeleka mwenyewe.