Kicheko Mtaa wa Sikukuu: Tunamkumbuka Mzee Devendra

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi, poleni na joto. Aliye dukani, aliye jikoni, aliye kwenye foleni pale Buguruni, karibu. Mimi ni Ritha Namkumba. Leo tunamkumbuka Mzee Devendra Parmar, yule wa vifungo. Kama umewahi kushonewa nguo Kariakoo, basi huenda ulivaa kifungo kilichotoka kwake. Duka lake lilikuwa Mtaa wa Sikukuu, na familia iliishi ghorofani, juu ya duka.

Mzee Devendra alifariki mwezi uliopita, mchana kweupe, na mtaa mzima ukitazama. Narudia, wasikilizaji. Mchana kweupe, na mtaa ukitazama.

Naomba mnivumilie. Kwa kawaida kipindi hiki nakisoma kwa utulivu. Leo nina kinyaa.

Lakini nianze na uhai wake. Devendra alizaliwa hapa hapa Kariakoo. Alikisema Kiswahili kama mtoto wa mjini, akitaniana na kila mtu. Kila siku baada ya kufungua duka alitoa kiti nje, akakaa karibu na meza ya korosho ya Mama Beno. Mama Beno, jina lake Bi Klara, alitoka Newala akiwa binti, akaweka meza yake pale, na hadi leo yupo. Hawa wawili walikuwa na ubishi mmoja. Ulikuwa ubishi wa miaka.

Mama Beno alisema dunia imeharibika. Mzee Devendra alisema haijaharibika, ilikuwa hivi hivi tangu zamani.

"Kila siku nilimwambia," Mama Beno ameniambia. "Kaka Deven, watu wa siku hizi hawana utu. Yeye anacheka. Ananiambia, 'Mama Beno, wewe umeshazeeka. Ukizeeka, hata chumvi unaona haikolei.'"

Kwa nini mzee aliamini hivyo? Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe haikuwa ya kufurahisha.

Turudi nyuma, wasikilizaji. Miaka ya themanini, mwanzoni. Wale wa umri wangu mnakumbuka foleni za sukari na sabuni. Devendra alikuwa kijana, ameoa karibuni. Mkewe, Bi Madhuben, alikuwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza, Manan. Asubuhi moja ukapigwa ukelele: "Mwizi!" Umati ukamkimbiza mchukuzi mmoja wa sokoni, kijana wa Lindi, jina lake Benedict, asiye na undugu na Mama Beno. Wakamfikia mbele ya duka la vifungo. Wakaanza kumpiga. Kwa magongo, kwa mateke, kwa kila kilichokuwa karibu.

Devendra akatoka. Akamshika Benedict kwapani, akamburuta ndani, akafunga milango.

Bi Madhuben aliyaona yote kutoka dirisha la juu. Nilimtembelea wiki iliyopita, akanisimulia kwa sauti ya chini. "Walipiga kelele, 'Mtoe! Mtoe!' Wakarusha mawe, vioo vyote vya mbele vikavunjika. Nilikuwa nimeshika tumbo langu. Nikamwambia, 'Deven, wataingia, watatuua.' Akaniambia, 'Wakae wachoke. Simtoi.'"

Hakumtoa. Polisi walikuja, umati ukatawanyika. Baadaye ikajulikana kwamba Benedict hakuiba kitu. Walimfananisha na mtu mwingine. Kosa lake lilikuwa kufanana na mtu.

Lakini lililomkaa Mzee Devendra moyoni halikuwa lile la mawe. Lilikuwa la kesho yake. Kesho yake wale wale waliorusha mawe walikuja dukani. Watu wazima, majirani, watu wa msikitini na watu wa kanisani. Wakamkuta anafagia vioo. Wakamsalimu, "Habari za asubuhi, bwana," wakanunua uzi na zipu, wakaenda zao. Hakuna aliyesema pole. Hakuna aliyemuuliza hali ya Benedict.

Kwa hiyo kila Mama Beno alipoisifia zamani, mzee alimjibu: "Hiyo zamani yako nimeifagia mimi kwa mikono yangu."

Ubishi mkali huo, wasikilizaji. Mama Beno hakukubali. Alimwambia, "Sawa, walikuwa wabaya. Ila wangepigwa picha siku ile wangeficha nyuso. Aibu walikuwa nayo."

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Mzee Devendra alikuwa na kisukari. Siku ile, Jumanne, alijichoma sindano yake ya asubuhi ya kushusha sukari, akaenda hekaluni kabla ya kula. Huko akachelewa. Akarudi kwa miguu, akakatiza viwanja vya Mnazi Mmoja, jua limewaka. Sukari ikashuka. Aliye na mgonjwa wa kisukari nyumbani anaelewa: sukari ikishuka mtu anatetemeka, anatoka jasho, maneno yanamtatiza. Ukimuona unaweza kudhani amelewa. Dawa yake ya haraka ni kitu kitamu. Soda moja. Soda tu.

Alianguka Mtaa wa Sikukuu, kona moja tu kabla ya kufika kwake. Watu wakaunda duara. Simu zikatoka.

Video ipo. Wengi wenu mmetumiwa. Sisi hapa hatutaicheza, na nawaomba mlio nayo muifute. Nitasema yaliyomo mara moja tu, ili tujue tunazungumzia nini. Mzee yuko chini, anajaribu kuinuka. Anasema, "Soda. Nipeni soda." Inasikika wazi. Sauti moja inajibu, "Mhindi anataka soda, ampigie simu mke wake alete!" Duara linacheka. Mkono unaingia mfukoni mwa mzee, unatoka na simu yake. Wanacheka tena. Na mbele kabisa, hatua moja kutoka kwake, amesimama kijana ana chupa ya soda mkononi. Anakunywa. Anatazama na anakunywa.

Mama Beno alikuwa kwenye meza yake, upande wa pili wa kona. "Nilisikia kicheko," anasema. "Nikajua ni wale wauza dawa wenye spika, wanaochekesha watu. Nikaendelea kupima korosho. Ingekuwa kilio ningekimbia. Nani anakimbilia kicheko?"

Aliyemwita ni dereva wa bajaji, Ansbert, aliyekuwa amekwama nyuma ya watu. Ansbert ndiye aliyechungulia akamtambua mzee. Mama Beno akaacha meza yake wazi, akaingia kwenye duara kwa viwiko. Alimjua mzee, aliujua ugonjwa wake. Akamnyang'anya yule kijana chupa.

Na kijana akamwambia, nanukuu, "Mama, hiyo nimeinunua!"

Nimerudia kumuuliza Mama Beno, una hakika alisema hivyo? Akanitazama. "Mwanangu Ritha, nitasahau jina langu kabla sijasahau hilo."

Lakini mzee alikuwa hawezi tena kumeza. Wakampakia kwenye bajaji, Mama Beno amekishika kichwa chake. Hata hapo, wasikilizaji, hata hapo! Ansbert anasema, "Nilipiga honi wanipishe. Jamaa mmoja akaniambia, 'Subiri kidogo, bro, nimalizie.' Amalizie kurekodi! Ikabidi niwasukume na bajaji."

Walifika hospitali. Madaktari walihangaika naye. Jioni Mzee Devendra akafariki. Daktari alimweleza Manan kwamba sukari ilikaa chini muda mrefu mno, na moyo wa mzee haukuhimili. Kama angepata kitu kitamu mapema, labda. Manan amebaki na hiyo labda.

Na Bi Madhuben? Alikuwa ghorofani, anapasha chakula. Alimpigia mumewe, simu ikaita, kisha ikazimwa. Muda mfupi baadaye ndugu yao mmoja akatuma video kwenye kundi la familia, akiuliza, "Huyu si Deven?" Hivyo ndivyo mke alivyopata habari. Kwanza akasikia kicheko, ndipo akamuona mumewe.

Manan alimtafuta aliyerekodi, akampata. Jina lake ninalo. Silitaji, hastahili kutajwa kwenye kipindi cha mzee huyu. Manan alimuuliza swali moja: "Ulimsikia baba akiomba soda?" Akajibu, "Nilisikia, bro. Lakini nisingerekodi mimi, angerekodi mwingine."

Wasikilizaji wapendwa, nimekaa na jibu hilo siku nyingi. Linanuka. Halinitoki puani.

Je, dunia imeharibika, au tumezeeka? Kwenye msiba nilimuuliza Mama Beno: sasa umeshinda ubishi? Akakasirika. "Ushindi gani huu? Ningefurahi nishindwe kila siku mpaka nife, na yeye awe pale kwenye kiti chake ananicheka."

Siku ya kumchoma marehemu kwa desturi ya Kihindu, kule mtaa wa Makumbusho, alikuja mzee mmoja mwembamba mwenye fimbo. Alikuwa Benedict. Alisafiri kutoka Lindi. Akamwinamia Bi Madhuben, akasema, "Mama, mimi nina wajukuu." Bi Madhuben akamshika mikono yote miwili.

Mtu mmoja alifunga milango, na ukoo mzima wa Benedict upo. Umati wa zamani ulikuwa mbaya, umati wa sasa ni mbaya. Kama uovu umezidi, mimi sina mizani ya kuupima. Ila aibu imepungua, hilo nitalisema mbele ya yeyote. Zamani mtu alifanya uovu kisha akajifanya hajaufanya. Leo anaufanya, anautuma, kisha anasubiri asifiwe.

Nilimuuliza pia Bi Madhuben. Akasema, "Mambo ya dunia mimi siyajui, binti yangu. Ninachojua, yule kijana wa soda alikuwa karibu hivi." Akanyoosha mkono, akanigusa bega.

Kwa niaba ya kituo hiki, pole sana Bi Madhuben. Pole Manan, na ukoo wote wa Parmar. Pole Mama Beno, kwa sababu na wewe umefiwa. Ansbert, asante. Mzee Devendra apumzike kwa amani, mahali pasipo na kelele.

Nasi tuliobaki, tutafakari. Lakini tusitafakari hadi tukalala. Kesho utapita Msimbazi, utapita Sikukuu, utakuta watu wameunda duara na wanacheka. Usiulize kama dunia imeharibika. Usitoe simu. Pasua watu, ingia katikati, uangalie ni nani yuko chini.