Siku Tumbo Liliponyamaza

Wazee, shikamooni. Wengine, habari za mchana. Nimeombwa nisimame nishuhudie, na mnaona nasimama kwa kushikilia kiti, mnivumilie.

Maumivu yangu yalianza msimu wa kuchuma kahawa. Yalikuwa na tabia yake: yananikunja, natapika, kisha yanaondoka kabisa, nashika kikapu tena. Zahanati waliniambia ni vidonda vya tumbo. Nikameza dawa, nikakonda mpaka suruali nikaifunga kwa kamba ya mgomba.

Mama akaniita. "Mwanangu, hilo si tumbo. Ni kaka yako."

Ndugu zangu, mnajua sisi wawili hatukuwa tukisemezana tangu baba azikwe, kwa ajili ya mpaka wa kihamba, shamba la migomba alilotuachia. Mama aliamini hasira ndiyo inayonila. Akakata jani la isale, akanituma nimpelekee kaka. Kwetu ukiletewa isale kuomba amani, hukatai. Kaka alilipokea akalia, nami nikalia. Na tumbo likanyamaza. Nawaambia kweli, siku ile sikuumwa hata kidogo. Mbuzi akachinjwa, watu wakaimba, nikala nyama kama mtu aliyetoka jela.

Hapo ndipo nilipokaribia kufa. Nilikuwa nimepona mbele ya watu, kwa hiyo maumivu yaliporudi niliona aibu kusema. Ningesema nini, kwamba sikusamehe kwa moyo? Nilijificha zizini nikauma gunia, ng'ombe ananitazama. Nikaanza kupata choo cha damu, bado nikanyamaza. Niliogopa kumvunja mama moyo kuliko nilivyoogopa kaburi.

Kaka ndiye aliyenikuta. Hakuuliza habari za msamaha. Alisema, "Huyu ni mgonjwa, tunashuka Moshi," akanibeba mgongoni mpaka barabarani.

Hospitali, ultrasaundi haikuonyesha vizuri, tumbo lilijaa hewa. Wakanilaza kwenye mashine ya CT scan, wakanichoma dawa mshipani. Joto likanienea mwili mzima, nikadhani nimejikojolea. Kisha daktari akatuonyesha picha.

"Huu ni utumbo mwembamba. Umejiingiza ndani yake wenyewe, kama mkono wa sweta uliovuliwa vibaya. Nadhani ulikuwa unaingia na kutoka, ndiyo maana maumivu yalikuwa yanaondoka. Sasa umekwama. Na kwa mtu mzima, mara nyingi kuna kitu kinachouvuta." Akaweka kidole kwenye uvimbe. "Damu haipiti vizuri hapa. Tunapasua leo."

Nikamgeukia kaka. "Kwa hiyo si wewe?"

"Si mimi," akasema. Tukacheka kidogo, kisha nikaogopa sana.

Kipande walichokata kilikuwa kimeshakuwa cheusi. Uvimbe ule ulikuwa saratani. Nimechomwa dawa zake, nywele zikanyonyoka, sasa zimeanza kuota tena. Sijaambiwa nimepona, nimeambiwa nirudi kupima.

Mama, asante kwa kunirudishia kaka, maana bila isale yako asingeingia zizini kwangu. Madaktari nawaombea. Ninyi mliokamua ng'ombe wangu, Mungu awalipe. Nami naomba neno moja tu: mtu akisimama hapa kushuhudia amepona, mwachieni nafasi ya kurudi kusema bado anaumwa, asijifiche.

Mimi leo naumwa kidogo, jamani. Nimesema. Kaka, njoo unisaidie nikae.